Njia ya Maji ya Dorkasi

Kaya ya mwisho kuhama Chilendu ilikuwa ya Hilda. Dorkasi alikwenda kuwasaidia kufungasha. Alishika upande mmoja wa kitanda, mume wa Hilda akashika wa pili, wakakipandisha kwenye mkokoteni wa ng'ombe, kisha kuku wakafungwa miguu na kulazwa juu ya magunia. Hilda alilia. Dorkasi hakulia, aliwahimiza tu waondoke kabla jua halijawa kali. Mkokoteni ulipopotea nyuma ya migunga, alirudi kwenye nyumba yake ya tembe, akakoka moto, akasonga ugali wa mtu mmoja.

Wote walikuwa wamehamishwa na maji. Chilendu ni kipande cha ardhi kilichoinuka kidogo kando ya bwawa, na kati ya bwawa hilo na Mto Kinyasungwe kuna mbuga tambarare ya udongo mweusi. Wakati wa kiangazi mtu hutoka Chilendu, akakata mbuga, akavuka mto juu ya mchanga mkavu bila kuvua viatu, akaingia Gulwe kwenye stesheni, kanisa, maduka na zahanati. Kifuku kikiingia, habari hubadilika. Mvua zikimimina huko juu mto hufura, bwawa nalo hufura, na mbuga yote ya katikati hugeuka maji na tope. Mwaka ule maji yalikuwa yameingia hadi ndani ya nyumba za watu. Yalipopungua, familia moja moja zikaanza kuhamia ng'ambo, upande wa reli. Tembe la Dorkasi lilikuwa juu kidogo kuliko mengine, maji yakaishia kizingitini. Na nyuma ya zizi lake ndipo alipozikwa mumewe, Joshua. Kwa hiyo alipoulizwa anahama lini, alisema yeye yupo.

Kifuku kilichofuata kilimkuta peke yake. Simu ilizimika mawingu mazito yalipotanda, maana kile kisola kidogo cha juu ya paa kilihitaji jua, na jua halikuonekana. Asubuhi alitoka kuangalia maji yamefika wapi, mchana akatwanga, jioni akafunga mlango mapema. Mbuga ilikuwa imejaa kutoka hapa hadi upeo wa macho. Aliweza kuona moshi wa jikoni za Gulwe kwa mbali, mwembamba, na siku za Jumapili upepo ukigeuka alisikia kengele. Hakuwa na njaa wala homa. Alikaa tu, siku ikaingia kwenye siku.

Maji yalipokauka, mtu wa kwanza kufika alikuwa Msafiri, kijana wa Kirangi aliyezunguka vijijini akinunua mbuzi. Alisimama uani, akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

Dorkasi alifungua kinywa aitikie, lakini neno halikutoka. Ilitoka hewa tu, kama ya mtu aliyekabwa na kipande cha ugali. Alijaribu tena, ikawa vilevile. Msafiri alimkazia macho, akauliza kama anaumwa, kama amwite mtu. Dorkasi alimpungia mkono asubiri, akaingia ndani, akanywa maji, akakohoa, ndipo marahaba ikatoka, nzito na yenye kukwaruza, kama si yake. Walipatana juu ya mbuzi mmoja na kijana akaondoka. Dorkasi alikaa kwenye kigoda mpaka kivuli cha nyumba kikamfikia miguuni. Katika maisha yake alikuwa ameogopa mengi, ukame, fisi, homa za watoto. Siku ile aliogopa koo lake mwenyewe.

Binti yake, Gladness, alipopata habari hizo alikuja kumchukua. Alikuwa mfanya usafi katika mabweni ya wanafunzi kule Chimwaga, na alipanga chumba kimoja karibu na kazini. Kila siku Gladness aliondoka alfajiri, akarudi jioni amechoka, akala, akalala. Ua ulikuwa na vyumba vingi na kila mlango ulikuwa umefungwa. Dorkasi alitoa kigoda nje asalimie wapitao, lakini wanafunzi walipita wameziba masikio kwa vile vidude vya kusikilizia muziki, wakaitikia kwa kutikisa kichwa. Baada ya kitambo alisema anarudi nyumbani, mtama wake utaliwa na ndege.

"Kule unakaa na nani, mama?" Gladness aliuliza.

"Nakaa na mtama."

Gladness hakucheka. Alimsindikiza hadi stendi, akamfungia mkate na sukari, akamwomba angalau asikae kifuku kingine hivyohivyo. Njiani Dorkasi aliyawaza maneno hayo. Kuhama hakutaka, na kunyamaza tena hakuweza. Alipofika Chilendu, kabla hata ya kufungua mlango, alikwenda chini ya mkwaju ulipokuwa mtumbwi wa Joshua, uliofunikwa kifudifudi tangu siku ya msiba.

Joshua ndiye pekee aliyekuwa mvuvi pale Chilendu. Wengine walikuwa watu wa ng'ombe na mtama, na waliyaangalia maji kwa mashaka. Yeye alikuwa amekaa Mtera ujanani, akajifunza nyavu na upondo wa kusukumia mtumbwi, akarudi na ufundi huo, akawa anavua kambale bwawani. Katika miaka yote ya ndoa Dorkasi hakuwahi kuingia kwenye mtumbwi ule. Sasa aliugeuza, akafukuza mijusi, akaziba nyufa kwa vitambaa na lami aliyoagiza Gulwe, akauburuta bwawani. Mara ya kwanza upondo ulinasa kwenye tope, mtumbwi ukaenda mbele, yeye akabaki ameukumbatia upondo kisha akateremka polepole majini mpaka kiunoni. Kama angekuwepo mtu wa kumcheka, angecheka naye. Alipanda tena. Alipoweza kuvuka bwawa kwenda na kurudi bila kuzungukazunguka, alijua bado hajafanya jambo. Bwawa haliendi popote. Kilichotakiwa ni njia ya kutoka bwawani mpaka mtoni, na njia hiyo ilipaswa kutafutwa sasa hivi, ardhi ikiwa kavu.

Ndivyo alivyoanza kutembea mbugani kila asubuhi, panga mkononi na upondo begani. Kutoka kwenye mdomo wa bwawa kulikuwa na mkondo wa zamani, korongo pana lisilo na kina kirefu, lililojipinda kuelekea mtoni. Wakati ule wa kiangazi lilikuwa limejaa matete makavu na miiba. Dorkasi alitazama juu, kwenye panda za migunga, ambako majani makavu yalikuwa yamenasa tangu mafuriko. Yalimwonyesha maji yalifika wapi. Alisimamisha upondo chini, akapima: maji yakifika pale, je, upondo utagusa chini? Je, kisiki hiki kitakuwa kimefunikwa vya kutosha, au kitatoboa mtumbwi? Panapofaa alifunga utepe wa kanga kuukuu kwenye tawi, juu ya usawa wa maji, ili auone akiwa ndani ya mtumbwi. Pasipofaa alikata. Miiba ilimchana mikono mpaka akawa anashika mwiko kwa vidole viwili.

Wapita njia walimwona. Mchungaji mmoja wa ng'ombe alikwenda kusimulia Gulwe kwamba mjane wa Joshua anafunga matambara kwenye miti, na Hilda alipoyasikia akaja kwa miguu kumwangalia. Dorkasi alimweleza yote. Hilda alisikiliza, akasema jambo hili lingekuwa rahisi zaidi akihamia ng'ambo tu kama watu wengine. Dorkasi alimtengea mlenda, wakala, Hilda akarudi kwake.

Karibu na kichuguu kimoja kikubwa mkondo uligawanyika. Wa kushoto ulikwenda moja kwa moja kuelekea kivuko cha Gulwe. Wa kulia ulipinda, ukashuka na mto. Dorkasi alichagua wa kushoto kwa kuwa ulikuwa mfupi, lakini kabla ya kufunga tepe alitaka kuuona na ule mwingine, asije akajuta baadaye. Akaingia kulia.

Hakuwa amekwenda mbali alipoona visiki. Kichaka kilikuwa kimekatwa zamani, kwa mstari, upana wa mtumbwi. Aliinama akagusa kimoja, kisha kingine. Mikato yote ilikuwa imeinamia upande usiozoeleka, kama inavyokuwa mkataji akishika panga kwa mkono wa kushoto. Joshua alikuwa na shoto. Hata kuni za nyumbani zilijulikana ni nani aliyezikata.

Alifuata visiki mpaka mtoni. Pale ukingoni ulisimama mkuyu, na chini yake mafiga matatu meusi kwa moshi wa zamani, na gogo lililolainika juu kwa kukaliwa. Nyuma ya gogo, kimeingiwa na mchanga nusu, kilikuwepo kikombe cha bati cha rangi ya samawati, kimebanduka rangi kwenye mkono wake. Kikombe hicho Dorkasi alikitafuta mwaka mzima, akaja kuwalaumu wachunga ng'ombe.

Alikaa kwenye gogo. Hapakuwa mahali pa kuvua samaki, ukingo ulikuwa juu mno. Mbele yake ulikuwa mchanga wa mto, na ng'ambo bustani ya vitunguu, na nyuma ya bustani reli na mapaa ya Gulwe. Upepo ulitoka upande ule. Alisikia redio. Alisikia mwanamke akimwita mtoto, mtoto akiitikia kwa uvivu, mwanamke akimwita tena.

Bustani ya vitunguu ilikuwa ya Ibrahimu, mzee kutoka Kondoa aliyelima pale miaka mingi. Dorkasi alivuka mchanga akamkuta akipalilia. Walisalimiana, wakaulizana habari za watoto, za Munira wake na za Gladness, mpaka salamu zikaisha.

"Baba Munira," Dorkasi alisema, "mume wangu alikuwa anakuja pale chini ya mkuyu?"

Ibrahimu aliegemea jembe. "Alikuwa anakuja. Kila kifuku. Nilidhani unajua."

"Kufanya nini?"

"Kukaa." Mzee aliinua kidevu kuelekea mkuyu. "Tulikuwa tunasalimiana kwa kupaza sauti. Nikimwita avuke tunywe chai, hataki, anasema anapumzika. Siku moja nikamwuliza anapumzikia nini mahali pale. Akaniambia anasikiliza watu. Akasema, mke wangu si msemaji, nyumba iko kimya, nami sitaki kumsumbua."

"Mimi ndiye nisiye msemaji?"

"Ndivyo alivyosema, mama. Hakusema kwa ubaya."

Dorkasi aliaga, akarudi zake. Njia nzima alikuwa amekishika kikombe kile kwa nguvu mpaka kidole kikauma. Katika nyumba ile aliyekuwa mkimya ni Joshua. Kila mtu Chilendu alijua. Yeye Dorkasi alikuwa na maneno, alikuwa anayameza kwa ajili ya mumewe, asije akamchosha.

Lakini alipofika nyumbani na kukaa, alikumbuka ilivyoanza. Walikuwa na mtoto mwingine, Daudi, kaka mkubwa wa Gladness. Alikwenda kutafuta maisha kwenye machimbo ya Geita. Mwanzoni alipiga simu, halafu akapiga mara chache, halafu namba ikawa haipatikani. Jioni moja, wakiwa wanaota moto, Joshua alianza kusema, "Huyu Daudi…" na Dorkasi akainuka kwenda kuangalia chungu ambacho hakikuwa na shida yoyote, kwa sababu hakutaka mumewe aone machozi. Aliporudi, Joshua alikuwa anaangalia moto. Hakulirudia jina lile tena. Wakaacha kumzungumza Daudi, kisha wakaacha kuzungumza mambo yanayomkaribia Daudi, na ni vigumu kupata jambo lisilomkaribia mtoto wa mtu. Zikabaki habari za mbuzi na mvua. Yeye alidhani mumewe ndiye anayetaka iwe hivyo. Mumewe naye, kumbe, alidhani ni yeye.

Kwa muda hakwenda tena mbugani. Alikuwa na hasira, na aliyemkasirikia hakuwepo. Mtu alipasua njia ndani ya miiba, mwaka baada ya mwaka, akapiga upondo mpaka mtoni ili akasikilize wanawake wasiomhusu wakiita watoto wao, huku mke wake yuko jikoni anasubiri aanze yeye kusema. Kikombe alikiosha akakiweka rafuni, lakini hakunywea.

Mawingu ya kwanza yalimwinua. Alirudi na panga lake kwenye mkondo wa kushoto, ule aliouchagua mwenyewe, akakata na kufunga tepe mpaka kivukoni. Wa kulia hakuugusa. Kama ulikuwa mzuri, basi ulikuwa mzuri kwa mwenyewe.

Mvua ilikuja kwa nguvu mwaka ule. Bwawa lilipanda, likafungua mdomo, mkondo ukajaa, na Jumapili moja asubuhi, mvua ikiwa imekatika, Dorkasi alivaa gauni lake la kanisani, akafunga ndala na Biblia kwenye mfuko wa nailoni, akauingiza mtumbwi majini. Alijua kusukuma sasa. Tepe zilijitokeza moja baada ya nyingine, zimeloa, mahali alipozitarajia. Kwenye kichuguu alishika kushoto. Alikwenda vizuri mpaka alipokuta mgunga mzima uliobebwa na maji umelala kukatiza njia, takataka zote za mbuga zikiwa zimeukumbatia. Alijaribu kupita pembeni, mtumbwi ukapanda tope ukainama, maji yakaingia. Aliyachota kwa kopo. Kuusukuma ule mti hakuweza, na nafasi ya kugeuza haikuwepo. Akarudi kinyumenyume, kidogokidogo, akishika matete, mpaka kwenye kichuguu.

Pale alikaa kitambo. Kisha akashika kulia.

Mkondo wa Joshua ulikuwa na kina mwanzo hadi mwisho. Miti mikubwa ilikuwa imesimama mbali na njia, na palipopinda maji yenyewe yaliuzungusha mtumbwi bila kulazimishwa. Hakuwa na tepe hata moja ya kufuata na hakuzihitaji. Alilia njia nzima, bila kuacha kusukuma. Kwenye mkuyu hakusimama. Maji yalikuwa yamefunika gogo, na mto mbele yake ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, unaenda kwa kasi. Alijivuta kwanza kupanda mto kwa kushika matawi ya ukingoni, halafu akaachia, akakata kwa mshazari kama alivyowahi kumsikia Joshua akisimulia, na maji yakamshusha mpaka mwisho wa bustani ya vitunguu. Ibrahimu alikuwa ameshamwona. Aliingia majini mpaka mapajani, akadaka kamba.

"Mama Gladness, umetokea wapi?"

"Nyumbani," Dorkasi alijibu.

Alifika kanisani matangazo yanasomwa, akakaa benchi la nyuma na miguu yake ya tope. Baada ya ibada watu walimzunguka, wakamshika mikono, wakataka kusikia, na waliposikia wakashangaa, kisha kila mtu akakumbuka chungu chake jikoni. Alikwenda kwa Hilda. Huko alizungumza. Alizungumza Hilda akichambua mchele, akazungumza mchele ukichemka, akazungumza baada ya chakula, habari za nyoka, za kisola, za mbuzi aliyezaa mapacha, mpaka alipogeuka akakuta Hilda amesinzia na kichwa kimeangukia ukutani. Alimfunika kanga. Akaondoka jua likiwa bado juu.

Alikwenda hivyo kila mvua ilipomruhusu. Katikati ya kifuku Hilda akasema naye aende kutazama ilikokuwa nyumba yake. Alikaa ndani ya mtumbwi amefumba macho, ameshika mbao pande zote mbili, akiomba Mungu kwa Kigogo. Kwenye nyumba yake ya zamani zilibaki kuta za kiunoni na maboga yaliyojiotea. Alichuma maboga mawili. Akalala kwa Dorkasi siku ile, na jioni, wakiwa wanamenya karanga, akauliza kama watu wanavyouliza tu.

"Na Daudi yuko wapi siku hizi?"

Dorkasi aliendelea kumenya. Ganda moja, la pili.

"Sijui," alisema. "Sijui kama yuko hai."

Hilda alisogeza kigoda chake karibu. Dorkasi hakuinuka kwenda kuangalia chungu.

Kesho yake alimvusha. Aliporudi, tembe lilikuwa kimya kuliko lilivyokuwa kabla mgeni hajaja. Kigoda cha pili kilikuwa bado kimesogezwa pale. Alikitazama, akakiacha.

Halafu mvua zikaanza kuachana. Maji ya mbuga yalishuka kila siku, yakabaki ya kifundoni, mazito. Huo ndio wakati ambao hakuupangia njia: maji hayatoshi kwa mtumbwi, na tope halijawa ardhi. Jumapili iliyofuata alisukuma mtumbwi mpaka ulipogoma, akaufunga kwenye matete, akakunja gauni, akaendelea kwa miguu. Alizama mpaka magotini, akavuka mto uliokuwa umeshabaki vijito juu ya mchanga. Alipofika Gulwe kanisa lilikuwa limefungwa na uwanja umefagiliwa. Kwa Hilda alikuta kufuli. Jirani alisema amekwenda Mlali, binti yake amejifungua, hajui atarudi lini.

Dorkasi alikaa kidogo kizingitini kwa Hilda. Watu walipita, akawasalimia, wakaitikia vizuri wakaendelea na safari zao. Tope lilimkaukia miguuni. Akainuka, akashuka kuelekea mtoni, maana njia ya kurudi sasa aliiona ndefu kuliko ya kuja.

Ibrahimu alikuwa anang'oa vitunguu. Alimwona, akamwita apumzike. Alimpa maji ya kunawa, kisha akarudi kwenye tuta lake. Dorkasi alitazama kwa muda, akaona mzee anainama kwa shida, akaingia tuta la pili akaanza kung'oa naye. Walisema machache, na kimya kilichobaki hakikumtisha Dorkasi. Ibrahimu alisema mwaka huu vimekuwa vikubwa lakini vina maji mengi, havitakaa. Dorkasi alisema vya mwaka juzi ndivyo vilikuwa vizuri. Walifika mwisho wa matuta, wakakung'uta udongo mikononi, na yeye akaaga ili aikute njia kungali na mwanga.